Maji ya Upande Wetu wa Mlima Meru

Mama ana picha zangu mbili anazozihifadhi kwenye bahasha moja, ndani ya Biblia. Ya kwanza nina miaka mitano. Nimesimama mbele ya nyumba yetu ya mbao pale Ngarenanyuki, nacheka mdomo wazi, meno yamejipanga meupe kama punje za mahindi mabichi. Ya pili nipo darasa la nne. Nimevaa sare, sweta limechanika kiwikoni, na midomo nimeibana kama mtu anayezuia kikohozi. Mpiga picha aliniambia nicheke. Nakumbuka vizuri kwamba nilikataa.

Kati ya picha hizo mbili meno ya utoto yaling'oka, moja moja, tukayarusha juu ya paa kama watoto wote. Yaliyoota badala yake yalitoka na rangi ya chai ya rangi. Hayakuoza, wala sikuyachafua mimi. Yalichomoza kwenye fizi yakiwa hivyo tayari: ya kahawia, mengine yana michirizi myeupe kama chokaa, mawili ya mbele yana vishimo vidogo ambavyo ulimi wangu bado unavitafuta nikiwa na mawazo.

Kama umewahi kuishi Arusha, huhitaji maelezo. Unayajua meno haya. Na kama umetoka kwetu ukaenda kuishi Dar es Salaam, unajua pia kwamba unaweza kufika mahali, ukatabasamu tu kabla hujasema neno, mtu akakuuliza, "Wewe ni wa Arusha, eh?"

Nina miaka 41 sasa. Nataka kuusimulia Mlima Meru kama unavyoonekana kutoka upande wetu, kwa sababu kila mara nikisoma habari za mlima huu nakuta wanausimulia waliokuja kuupanda kwa siku nne na kuondoka. Wao wanaandika kuhusu kilele. Sisi tulikunywa kinachoteremka kutoka huko.

Mlima Meru una mita 4,562, ingawa vitabu vingine huandika 4,566. Ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro, na ujirani huo umeufanya usahaulike. Mgeni akitua uwanja wa ndege wa KIA anageuza shingo upande wa Kibo kutafuta theluji. Meru hauna barafu ya kudumu. Wakati wa baridi, asubuhi moja moja, unaamka unaukuta umevaa kofia nyeupe, na saa nne imeshayeyuka. Wamaasai huuita Oldoinyo Orok, Mlima Mweusi.

Ukiutazama kutoka Arusha mjini unaona pembetatu safi, kama mlima aliouchora mtoto. Zunguka hadi Momella uutazame kutoka mashariki, hutaamini kuwa ni mlima uleule. Upande huo mzima haupo. Miaka kama 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki ulibomoka na kuporomoka kwa mara moja, ukamwaga mawe, tope na majivu hadi mbali sana kuelekea Kilimanjaro. Kilichobaki ni kiatu cha farasi, na ndani yake ukuta wa mwamba wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na katikati ya shimo hilo kimeota kilima kingine cha majivu chenye umbo la pia iliyopinduliwa. Mara ya mwisho mlima kutoa chochote ilikuwa 1910. Vilima vidogo vidogo unavyoviona ukienda Momella, na yale maziwa yenye heroe katikati yake, ni mabaki ya maporomoko yale. Na sisi tumejenga juu yake. Ngarenanyuki, Olkung'wado, Uwiro, Leguruki: shamba la nyanya la baba yangu limelimwa kwenye kifua cha mlima kilichoanguka.

Mama yangu si wa huku. Alizaliwa Akeri, upande wa kusini, na mtu akisikia Akeri anajua anazungumzia migomba. Upepo wa bahari unaposukuma mawingu, mlima unayakamua upande ule. Huko kuna kahawa chini ya kivuli cha migomba, ng'ombe wawili watatu wanaofungiwa bandani na kuletewa majani, mifereji inayopita nyuma ya jikoni usiku kucha. Nkoaranga, Poli, Songoro, Mulala, Sing'isi. Vijiji vimebanana, kihamba kinagusa kihamba, na ukiita jina la ukoo barabarani, iwe Mbise, Pallangyo, Nnko, Kaaya au Sarakikya, watu kumi watageuka. Mito ya upande huo, Themi, Nduruma, Tengeru, Usa, inashuka hadi Kikuletwa, inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo inakuwa Mto Pangani hadi baharini.

Siku za kwenda kumsalimia bibi mzaa mama tulikuwa tunaamka gizani. Gari lilikuwa moja, Land Rover ya mizigo na watu, linapita katikati ya hifadhi, na sisi watoto tulikuwa tunahesabu twiga kwa vidole. Tukifika Usa River hewa inabadilika. Unasikia unyevu puani. Bibi alitupikia loshoro, ndizi zilizopondwa na mahindi yaliyokobolewa na mtindi, na alipotupa maji ya kunywa nilikuwa napata mshangao uleule kila mara: maji yasiyo na ladha. Nilimwambia mama, "Maji ya huku hayana kitu." Yeye alinitazama tu. Maji yetu yalikuwa na kitu. Yalikuwa na utelezi kidogo ulimini, ladha ya magadi kwa mbali, na mimi nilidhani hiyo ndiyo ladha ya maji.

Kitu ambacho nilikigundua mapema ni kwamba mama alikuwa na meno meupe. Baba yangu, shangazi zangu, bibi mzaa baba, majirani wote waliozaliwa Ngarenanyuki, walikuwa na meno kama ya kwetu. Mama na wanawake wengine walioolewa kutoka kusini walikuwa na meno meupe. Kwa akili ya mtoto nikajitungia maelezo: meno meupe wanapewa wanaotoka mbali.

Mama hakuwa na maelezo mazuri kuliko hayo. Alichokuwa nacho ni aibu. Aliamini ameshindwa kututunza. Alitusugua meno kwa mswaki wa mti, kwa majivu laini ya jikoni, kwa chumvi, baadaye kwa dawa ya mswaki iliyonunuliwa kwa fedha ya mayai. Alitusugua mpaka fizi zikatoka damu. Nilipofika sekondari, mwalimu mmoja alinisimamisha mbele ya darasa akasema mtoto wa kike lazima ajue usafi wa kinywa. Kuanzia siku hiyo nikaanza kucheka kwa kiganja. Wasichana wengi wa kwetu wanacheka hivyo. Mkono unapanda wenyewe, kabla hata ya kicheko, na watu wa mbali hudhani ni haya.

Miaka mingi baadaye, huko Dar es Salaam, niliomba kazi ya mapokezi hoteli moja. Mtihani wa kuandika nilifaulu, Kiingereza nilifaulu, nikaitwa kwa usaili. Mama aliyekuwa ananisaili alikuwa mpole kweli. Mwishoni akaniambia, kwa sauti ya chini, "Dada, hapa mbele tunahitaji mtu wa kutabasamu." Sikumchukia. Nilirudi kwenye chumba changu cha kupanga Sinza, nikakaa mbele ya kioo, nikayatazama meno yangu kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua.

Barua hiyo nilikuja kuisoma nikiwa na miaka karibu 30, na nilisomewa na mtaalamu wa maji aliyekuja kijijini kupima visima. Nayaandika aliyonieleza kwa sababu kuna mama huko Uwiro au Kisimiri leo hii anamsugua mtoto meno mpaka damu.

Kinachofanya kazi hiyo ni madini ya floraidi. Yapo kwenye mawe na majivu ya volkano ya mlima wetu. Mahali pengine duniani floraidi ikitoka kwenye mwamba hukutana na kalsiamu nyingi, wanashikana, wanatulia kama jiwe, maji yanabaki salama. Mawe ya Meru yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba. Kwa hiyo floraidi haina wa kuishika, inaendelea na safari ndani ya maji mpaka kwenye dumu. Na kadiri maji yanavyopita muda mrefu ndani ya yale maporomoko ya kale, yale majivu na tope lililomwagika mashariki na kaskazini, ndivyo yanavyozidi kubeba. Chemchemi za juu msituni mara nyingi ni nzuri. Maji yaleyale yakifika kwetu yameshakuwa mengine.

Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kuna maeneo ambayo kupata maji ya chini ya hapo ilikuwa ndoto, kisha kiwango kikashushwa kufikia 1.5. Upande wetu kuna vyanzo vilivyopimwa vikakutwa na zaidi ya 20. Maziwa ya Momella yenyewe yana mamia.

Mtoto anapokunywa maji hayo, floraidi inaingia kwenye jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, kabla halijaota. Ganda la nje la jino linajengwa vibaya, linakuwa na matundu madogo madogo, na matundu hayo ndiyo yanayoshika rangi. Kazi hiyo inafanyika mpaka mtoto akiwa na miaka minane hivi. Baada ya hapo meno yameshajengwa, na maji hayawezi kuyaandika tena. Ndiyo maana mama, aliyekuja bibi harusi wa miaka 20, hakubadilika jino hata moja. Ndiyo maana pia hakuna mswaki, majivu wala chumvi inayoweza kufuta.

Nilimuuliza yule mtaalamu: sasa mbona meno yangu ya utoto yalikuwa meupe? Nilinyonya kwa mama aliyekuwa anakunywa maji hayohayo kila siku.

Akaniambia kwamba floraidi inapita kidogo sana kwenye maziwa ya mama. Hata mama akiwa anakunywa maji mabaya kiasi gani, maziwa yanatoka karibu safi. Na meno ya utoto yanaanza kujengwa mtoto akiwa tumboni na kumalizika akiwa bado mchanga, wakati chakula chake kikubwa ni maziwa hayo.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Nilimweleza mwanzo hadi mwisho. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo ile picha ya kwanza..." Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Ile ni kazi yako." Hakujibu. Nilisikia anaiweka simu mezani bila kuikata, na nilisikia hatua zake zikienda nje.

Kuna jambo ambalo hunishangaza nikifikiri majina. Waliotutangulia hawakuwa na maabara, lakini waliyatazama maji kwa makini. Ngare Nanyuki kwa Kimaasai ni maji mekundu. Ngaramtoni na Ngarenaro pia yanaanza na neno hilohilo la maji. Ukitoka Usa River kuelekea Moshi unavuka Maji ya Chai, mto uliopewa jina kwa rangi yake, na ni miongoni mwa mito yenye floraidi nyingi mlimani humu. Ardhi yote hii imeandikwa kwa maji. Mtu akikutajia anakotoka, amekutajia anachokunywa.

Na bado watu waliipenda ardhi hiyo kiasi cha kuivukia bahari.

Bibi mzaa baba alikuwa binti asiyeolewa mwaka 1951. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeamua kwamba Ngarenanyuki na Leguruki zigeuzwe eneo la ufugaji la walowezi, familia 13 za wazungu. Wameru waliambiwa wahamie Kingori, mashariki, mahali penye joto na mbung'o, ambapo wazee walijua ng'ombe hawatapona. Wakakataa. Hawakuinua mkuki. Walikataa kutoka, basi. Novemba 17 askari wakaanza kazi. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa, mifugo ikaswagwa, watu wapatao 3,000 wakaachwa bila pa kukaa. Bibi alikuwa akisimulia hadithi hii huku anapepeta maharage, na akifika kwenye moto alikuwa anasimamisha ungo. Kilichomuuma yeye kuliko vyote ni kwamba mahindi yalikuwa ghalani. "Waliyachoma mahindi," alisema. "Mahindi yana kosa gani?"

Wameru wakachangishana. Senti kwa senti, kuku, kahawa, mpaka ikapatikana nauli ya kumpeleka kijana wao Kirilo Japhet New York. Mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, mtu mweusi mwenye asili ya Bermuda, akawaeleza wakubwa wa dunia habari za vijiji vya chini ya mlima ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia. Azimio halikupata theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka kueleza alichokiona, na Julai 1954 alikuwa miongoni mwa watu 17 walioasisi TANU pamoja na Mwalimu Nyerere. Walowezi wengi hawakudumu. Wameru wakarudi, akiwemo bibi yangu, aliyekuwa sasa na mume na mtoto mgongoni, ambaye ndiye baba yangu.

Nilipokwisha kujua habari za floraidi nilimwendea bibi, akiwa amezeeka, miguu imepinda magotini mpaka anatembea kwa kuyumba kama mtumbwi. Huo nao ni mkono wa maji yetu: ukiyanywa miaka mingi huingia hadi kwenye mifupa, mgongo unakuwa mgumu, viungo vinakataa. Nilimuuliza, "Bibi, mlipigania kurudi huku, mlijua maji haya yakoje?"

Akasema, "Meno tuliyajua. Tangu babu zetu."

"Na bado mkarudi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alirudi kwa mama yake. "Ng'ombe walikuwa wanapenda hapa," akasema. "Ardhi yake nyeusi. Na mlima tulikuwa tunauona."

Mwaka juzi niliupanda. Nilikuwa nimeutazama kwa miaka 39 bila kuwahi kuukanyaga zaidi ya msitu wa chini tulikokwenda kuokota kuni, na kwa kweli watu wengi wa vijijini kwetu hawajawahi kufika juu, isipokuwa wanaobeba mizigo ya wageni. Tuliingia lango la Momella, watu sita na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati wa Meru hawana mzaha. Siku ya kwanza tulilala Miriakamba, mita 2,514. Ya pili tukafika kituo cha Saddle, mita 3,570, jioni tukapanda Meru Ndogo kuzoea hewa. Njia yenyewe inapita msituni, podo na mierezi iliyoning'iniza ndevu za kijivu, kisha miti inakuwa mifupi, kisha inakuwa vichaka, kisha unabaki wewe na majivu.

Wapagazi wetu wawili walikuwa vijana wa Olkung'wado. Usiku wa pili, tukiwa tumezunguka jiko, mmoja alisimulia jinsi tembo alivyomfukuza babu yake shambani, na yule mwenzake akacheka kwa nguvu, kichwa nyuma, mdomo wazi wote. Meno yake yalikuwa kama yangu. Mwanga wa taa uliyapiga. Nami nikacheka, na nilipomaliza ndipo nilipogundua kwamba mkono wangu ulikuwa umebaki gotini.

Tuliondoka saa saba usiku. Baada ya Rhino Point njia inafuata ukingo wa kreta, kulia na kushoto kuna giza tu, na ni bora iwe giza. Kulipoanza kupambazuka niliona kwanza Kilimanjaro, mashariki, umetokeza juu ya mawingu kama kisiwa cha rangi ya zambarau. Kisha jua likapanda na kuingia ndani ya shimo la Meru, likashuka taratibu kwenye ule ukuta, mpaka likakifikia kile kilima cha majivu chini yetu. Nilikaa juu ya jiwe. Kilele kinaitwa Ujamaa.

Kutoka hapo unaona pande zote mbili kwa kugeuza kichwa. Kusini ni kijani kibichi kilichokolea mpaka kinakaribia kuwa bluu, moshi wa jikoni unapenya kwenye migomba, mabati ya Tengeru na Usa yanamulika. Kaskazini ni rangi ya udongo na majani makavu, mashamba ya nyanya na vitunguu yamekatwa vipande kando ya mto kama viraka vya shuka, na baada ya hapo nyika tupu hadi Kenya. Upande ule kwa mama, upande huu kwa baba. Umbali kati ya Akeri na Ngarenanyuki, ukiutazama kutoka juu, unafunikwa na kiganja. Nilikuwa nimebeba chupa ya maji niliyoijaza kwenye chemchemi msituni. Niliyanywa. Hayakuwa na kitu.

Nimesikia watu wakisema tatizo la maji yetu limeshatatuliwa, na nimesikia wengine wakisema halitatuliki. Wote nawapinga. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi ambacho kimefanya kazi kwa miaka mingi kwa njia ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye chujio. Mifupa ina kalsiamu, kwa hiyo inaifanyia floraidi kile ambacho mawe ya mlima wetu hayakuifanyia: inaishika. Chuo cha Nelson Mandela, hapo Tengeru, nacho kina wanaolishughulikia, na mwaka 2015 mwanasayansi wake Askwar Hilonga alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chujio lake la maji. Kuna vijiji vimevutiwa bomba kutoka chemchemi za juu, na vingine vinasubiri. Njia zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni vitu vidogo: mkaa wa chujio ukichoka, nani anaubadilisha? Bomba likipasuka masika, nani ana spana?

Na kuna elimu ambayo haigharimu kitu na bado haijafika jikoni. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale, hivyo inazidi kukolea. Niliwahi kumsikia mama mmoja kliniki akijisifu kwamba mwanawe hanywi maji yasiyochemshwa vizuri, sufuria inachemka nusu saa nzima. Alistahili kusifiwa kwa sababu ya kuhara, na alikuwa anayaharibu meno ya mtoto kwa upendo wote. Magadi nayo, yale tunayotia kwenye makande ili maharage yalainike upesi, mara nyingi yamebeba floraidi yake. Maji ya mvua hayana. Bati safi, mfereji wa bati na simtanki vinaweza kumvusha mtoto miaka ile minane, na ni miaka minane tu.

Mdogo wangu wa mwisho alioa, akajenga hapohapo kwa baba. Wana binti wa miaka minne. Mama ndiye anayemlea mchana wazazi wakiwa shambani. Nilipokwenda Krismasi iliyopita nilikuta jikoni madumu mawili yamewekwa mbalimbali: la bluu juu ya stuli, limefunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa, na la njano chini, karibu na mlango. La bluu linajazwa kutoka kwenye ndoo ya chujio la mkaa wa mifupa, inayodondosha pole pole kwenye kona. Ndoo hiyo haitoi maji ya kutosha nyumba nzima. La njano linajazwa bombani kama zamani.

"La bluu la mtoto," mama aliniambia kabla sijauliza. "Uji wake, chai yake, wali wake. Hata maharage yake napika mbali."

"Na ninyi?"

"Sisi meno yetu yameshakuwa."

Nilimweleza kuhusu mifupa. Nilimkumbusha miguu ya bibi. Anajua. Yeye mwenyewe siku hizi hawezi kugeuza shingo bila kugeuka mwili mzima, na asubuhi anashika ukuta kabla ya kunyooka. Alinisikiliza huku anachambua mchele, akaitikia, "Sawa, mama, nimesikia," kwa ile sauti ya mzazi aliyekwisha kuamua.

Jioni nilichemsha chai mimi. Nilitumia dumu la bluu. Nilimpelekea kikombe barazani alipokuwa amekaa na mjukuu wake, mlima mbele yao umeanza kuingia kizani, mtoto anamwonyesha jinsi jino la chini linavyotikisika, ingawa halitikisiki, ni hamu yake tu. Mama alionja funda moja akanitazama.

"Haya ni maji ya mtoto."

"Kunywa, mama."

Alikunywa nusu. Nusu iliyobaki aliifunika kwa kisosi, akaisogeza karibu na ukuta isimwagike, akamwambia mjukuu wake aisubiri ipoe.